Likizo ya Theluji katika Nchi ya Norwei

Wengi wetu tumeiona theluji kwa mbali tu. Mtu akaaye Moshi au Marangu, mawingu yakiondoka asubuhi, huuona mlima wa Kilimanjaro umevaa kofia nyeupe. Na watu wa Nyeri huiona theluji juu ya mlima wa Kenya. Lakini ni wachache waliopata kuishika kwa mikono yao, maana sharti mtu apande siku kadha wa kadha hata kuifikia, nayo yazidi kupungua mwaka kwa mwaka. Mwaka 1848 Johannes Rebmann, mmisionari aliyekaa Rabai karibu na Mombasa, aliona theluji juu ya Kilimanjaro akaandika habari zake. Huko Ulaya wataalamu wengine walimcheka, wakasema haiwezekani kuwako theluji karibu na ikweta. Nasi tusiwacheke wataalamu hao, kwa maana twaona vigumu vilevile kusadiki habari za nchi ambazo theluji haikai kileleni tu, bali hushuka mpaka mlangoni pa nyumba, ikafunika shamba na njia na kisima.

Nchi moja ya namna hiyo ni Norwei. Katika habari hii tutaona jinsi watu wa huko wasafirivyo wakati wa likizo ya majira ya baridi ili waonane na jamaa zao, na jinsi mbao mbili nyembamba ziwasaidiavyo.

Norwei iko mbali sana upande wa kaskazini wa Ulaya. Ni nchi ndefu na nyembamba, yenye milima mingi, na bahari imeingia kati ya milima hiyo kama vidole vya mkono. Dunia yetu haikusimama wima izungukapo jua, bali imeinama kidogo. Kwa hiyo katika mwezi wa Desemba upande wa kaskazini huwa umegeuzwa mbali na jua. Katika mji mkuu, yaani Oslo, siku za Krismasi jua huchomoza baada ya saa tatu asubuhi, nalo hutua baada ya saa tisa mchana, wala halipandi utosini kama hapa kwetu, ila hupita chini chini juu ya mapaa ya nyumba. Huko Tromsø, mji ulio kaskazini zaidi, jua halionekani kabisa tangu mwisho wa Novemba hata katikati ya Januari.

Labda utasema, “Baridi huletwa na urefu wa milima.” Ni kweli, lakini si kweli yote. Mji wa Nairobi umeinuka zaidi ya meta 1,600 juu ya bahari, na watu wa huko hupanda maua na mboga mwaka mzima. Huko Norwei pana mahali paitwapo Finse, penye meta 1,222 tu, yaani chini kuliko Nairobi. Lakini hapo hapaoti hata mti mmoja, na theluji hukaa miezi mingi ya mwaka. Kumbe umbali kutoka ikweta una nguvu kuliko urefu wa mlima.

Basi, fikiri mambo yalivyokuwa zamani. Theluji ikianguka siku tatu mfululizo, hufika magotini, kisha kiunoni. Mtu akitia mguu, huzama; akiutoa, huchoka; na baada ya hatua mia hana nguvu tena. Jirani ambaye nyumba yake yaonekana ng’ambo ya bonde huwa kama mtu wa nchi nyingine. Mama akiugua upande huu, binti yake aliyeolewa upande ule hana habari. Chakula kikipungua, hapana njia ya kukiendea. Hivyo theluji iliwatenga watu, nao walihitaji dawa ya kutengana huko.

Dawa hiyo ilikuwa ubao. Kila mtu aliyepita penye tope la pwani maji yakipwa ajua ya kuwa mguu mtupu huzama, lakini ukitandika ubao waweza kupita juu yake, kwa sababu uzito wako umegawanyika mahali pakubwa. Watu wa kaskazini walifunga ubao mmoja mrefu chini ya kila mguu, wakaipinda ncha ya mbele kuelekea juu kama omo la mtumbwi ili usichimbe theluji, na mkononi wakashika fimbo. Mbao hizo huitwa skii. Jina lenyewe latoka katika neno la kale la nchi hizo, maana yake kipande cha mti kilichopasuliwa.

Skii ni za kale sana. Mwaka 2014 watu wachunguzao mambo ya kale walipata skii moja katika barafu ya mlima wa Digervarden, iliyokuwa imezikwa humo tangu miaka kama 1,300 iliyopita. Ilikuwa na kifungo chake cha kutilia mguu. Lakini ilikuwa moja tu, nayo skii moja ni kama kiatu kimoja. Watu hao hawakusahau. Kila mara walichunguza kama barafu imeyeyuka zaidi, na mwaka 2021, baada ya kungoja miaka saba, walipata ya pili, meta chache tu kutoka pale pa kwanza. Walipozitazama waliona ya kuwa zimetengenezwa tena na tena. Mwenyewe alikuwa mtu wa kutunza vyombo vyake.

Katika nchi ya Norwei hapana mtoto asiyejua habari ya safari ya mwaka 1206. Wakati ule palikuwa na vita juu ya ufalme. Mfalme alikuwa amekufa, akaacha mwanamke mwenye mimba yake, na mtoto aliyezaliwa akaitwa Haakon. Adui walimtafuta wamwue. Kundi moja la askari maskini, walioitwa Birkebeiner, yaani watu wenye magome ya miti miguuni, waliapa kumwokoa. Walichagua wawili waliokuwa hodari kupita wote kwa skii, Torstein Skevla na Skjervald Skrukka, nao wakamchukua mtoto, ambaye hajatimiza miaka miwili, wakavuka naye milima katika dhoruba ya theluji. Husimuliwa ya kuwa walipotea njia, wakajificha katika kibanda, wala hawakuwa na kitu cha kumpa mtoto ila theluji iliyoyeyuka kinywani mwake. Lakini walifika. Mwaka 1217 mtoto yule akawa mfalme, akatawala hata mwaka 1263. Tangu mwaka 1932 watu hufanya mashindano ya skii ya kilometa 54 kwa kumbukumbu ya safari hiyo, na kila mshindani sharti achukue mgongoni mzigo wa kilo tatu na nusu, mahali pa mtoto.

Mwingine akumbukwaye ni Sondre Norheim, aliyezaliwa mwaka 1825 katika jimbo la Telemark. Alikuwa maskini, hana shamba lake mwenyewe. Zamani skii zilifungwa mbele tu, kwenye vidole, hata mtu akiruka zaweza kumtoka. Norheim alisokota vijiti vya mti upindikao, akavizungusha nyuma ya kisigino, akaweza kuruka na kugeuka apendavyo bila skii kumtoka. Mwaka 1868, naye amepita miaka 40, alikwenda kwa skii mpaka mji mkuu, akawashinda vijana wote. Lakini sifa haikumjaza tumbo. Mwaka 1884 alihamia Marekani na jamaa yake, akakaa katika nchi tambarare ya Dakota isiyo na milima, akafa huko mwaka 1897. Watu husema ya kuwa mpaka mwisho aliziacha skii zake zimesimama karibu na mlango.

Haya yalikuwa mambo ya zamani. Sasa na tuone likizo yenyewe.

Kila mwaka, mwezi wa Februari unapokaribia kwisha, shule za Norwei hufungwa kwa juma moja. Hazifungwi zote siku moja. Jimbo hili lafunga juma hili, na jimbo lile juma lifuatalo, ili magari na milima isijae watu kupita kiasi. Ni mpango mzuri, ila una ubaya wake: watoto wa ndugu wawili wakaao majimbo mbalimbali hawawezi kuonana katika likizo hiyo, sharti wangoje Pasaka.

Na tuwaze jamaa moja ya Oslo: baba, mama, binti wa miaka 11, na ndugu yake wa miaka minane. Wazazi wa baba wakaa Bergen, mji wa pwani ya magharibi. Kati ya miji hiyo miwili pana milima mirefu. Zamani mtu aliyetaka kutoka Oslo kwenda Bergen wakati wa baridi aliona heri kuzunguka kwa merikebu. Lakini tarehe 27 Novemba 1909 Mfalme Haakon wa Saba, mwenye jina la yule mtoto wa zamani, alifungua njia ya reli ipitayo juu ya milima. Kuijenga ilikuwa kazi kubwa mno; watu walipasua miamba, na katika miezi ya baridi theluji iliifunika kazi yao. Hata leo mitambo ya kuondoa theluji huwekwa tayari, na mahali pengi reli imejengewa paa refu la mbao ili upepo usiizike.

Babu na bibi ni wazee, hawataki kwenda mpaka Oslo. Watoto nao hawapendi kukaa Bergen katika juma hilo, maana huko hunyesha mvua mara nyingi kuliko theluji. Kwa hiyo wamefanya shauri la kukutana katikati. Karibu na Finse jamaa hiyo ina nyumba ndogo ya mbao, iliyojengwa na babu mwenyewe alipokuwa kijana. Wazee watakuja kwa gari litokalo magharibi, siku moja mbele, waote moto na kupasha nyumba joto. Na hao wengine watakuja kwa gari litokalo mashariki.

Siku ya safari stesheni ya Oslo imejaa watu. Kila mtu ana mfuko mgongoni, na skii zimefungwa pamoja kama mafungu ya mikuki. Gari laondoka. Sisi hulisema gari la moshi, ingawa hili halina moshi wowote, maana tangu mwaka 1964 magari ya njia hiyo yaendeshwa kwa umeme. Kwanza lapita mashamba na misitu ya misonobari. Kisha mabonde yazidi kuwa membamba, nyumba zapungua, miti yafupika kama vichaka, na mwisho yatoweka kabisa. Baada ya saa nne na kitu, nao wamekwenda kilometa kama 300, hakuna kitu dirishani ila weupe, juu na chini, hata huwezi kujua mbingu zaanzia wapi. Hapo ndipo Finse. Hapana barabara ifikayo huko. Mwenye motakaa nzuri na asiye nayo wote ni sawa. Sharti waje kwa gari la moshi, au kwa miguu, au kwa skii.

Sasa yapo mambo ya nta. Skii imepindwa kidogo kama upinde. Mtu akisimama juu ya zote mbili, uzito wake hugawanyika, na sehemu ya katikati haikandamizwi sana. Akiweka uzito wote juu ya mguu mmoja, upinde hunyooka, na katikati husukumwa chini juu ya theluji. Na hapo katikati ndipo alipopaka nta. Punje za theluji zina ncha ndogo kali, nazo huingia katika nta zikashika, hata apate pa kujisukumia mbele. Akiondoa uzito wake, zaachia, na skii yateleza. Lakini nta haiwi ya namna moja. Kwa baridi kali hutakiwa nta ngumu; kwa theluji yenye majimaji, nta laini. Aliyekosea, ama theluji hugandama chini ya skii kama tope la masika chini ya viatu, ama yeye hurudi nyuma kila apandapo kilima. Nadhani hakuna neno lizushalo ubishi katika jamaa za Norwei kama swali la nta: baba asema hii, mama asema ile, na mtoto aliyekwisha kupaka yake awangoja nje akitetemeka.

Kutoka stesheni mpaka nyumba ile ni kilometa nne, safari ya saa moja na zaidi kidogo kwa watoto. Njia imewekewa vijiti virefu vilivyochomekwa katika theluji, ili watu wasipotee. Walipoondoka kulikuwa shwari. Walipokwenda nusu saa, upepo uliinuka. Theluji iliyokwisha kuanguka ikapeperuka juu tena, ikawa kama moshi, kisha kama ukuta. Baba aliona kijiti cha mbele, na cha pili hakukiona. Akasimama.

“Turudi,” akasema.

Binti alikuwa amengoja siku hiyo tangu mwaka mpya. “Baba, tumekwisha kufika nusu! Na Bibi anatungoja.”

“Bibi atangoja hata kesho, mwanangu. Vijiti vya nyuma tumekwisha kuviona. Vya mbele hatuvioni.”

Mtoto alilia, na machozi yakamganda shavuni. Lakini waligeuka, mama mbele, watoto katikati, baba nyuma, kila mmoja akiangalia mgongo wa mwenziwe. Walichukua muda mrefu kuliko wa kwendea, maana upepo sasa uliwapiga usoni. Walipoiona taa ya stesheni hawakusema neno. Katika nyumba ya wageni iliyo karibu walipewa chumba na supu ya moto, na baba akapiga simu.

“Mama, tumerudi Finse. Hatuji leo.”

Kwa lugha yao hawasemi bibi tu, bali bibi mzaa baba ana jina lake, na bibi mzaa mama ana lake. Binti aliposikia baba akimwita “Mama” kwa sauti ile ya mtoto, aliacha kulia akasikiliza. Sauti ya mzee ikatoka katika simu, kali kidogo: “Vema. Ningalikasirika sana kama mngalikuja.”

Watu wa Norwei wana sheria tisa za mlimani, zilizotolewa mara ya kwanza mwaka 1952 na kuandikwa upya mwaka 2016, nazo hubandikwa ukutani katika nyumba za wasafiri. Mojawapo yasema ya kuwa mtu awaambie wenzake aendako. Nyingine yamtaka awe tayari kwa dhoruba na baridi hata kama safari ni fupi. Na ya nane ndiyo ijulikanayo kuliko zote: geuka mapema, wala si aibu kurudi. Sheria hizi hazikutungwa na watu waliokaa mezani tu. Katika Pasaka zile za baada ya vita watu wengi wa mijini walikwenda milimani bila ujuzi, na wengine hawakurudi.

Mtu aliyezidiwa kabisa asiyeweza kwenda mbele wala nyuma, sharti achimbe shimo katika theluji na kuingia ndani. Jambo hili ni la ajabu kwetu, lakini laeleweka. Kati ya punje za theluji mna hewa nyingi iliyotulia, nayo hewa iliyotulia huzuia joto lisitoke, kama manyoya ya kuku au blanketi la sufu. Nje baridi yaweza kufika digrii 20 chini ya sifuri pamoja na upepo. Ndani ya shimo ni karibu na sifuri tu, wala upepo haumo. Wengi wameokoka hivyo. Lakini sharti aanze kuchimba angali na nguvu. Ndiyo sababu husemwa asingoje mpaka achoke.

Asubuhi upepo ulikuwa umekufa. Mbingu zilikuwa za buluu, na theluji ilimeta hata macho yakauma. Theluji hurudisha mwanga mwingi wa jua, kwa hiyo mtu asiyevaa miwani myeusi aweza kupofuka kwa siku moja au mbili, na ngozi ya uso huungua kama ya mvuvi. Walikwenda bila taabu. Walipovuka kilima cha mwisho waliona moshi wa nyumba, na mbele ya nyumba mtu mdogo mwenye koti jekundu akija kwa skii kuwalaki. Alikuwa bibi mwenyewe, mwenye miaka 74. Hakuja mbio, lakini mwendo wake ulikuwa mzuri, mrefu, usio na kelele, kama mtu apigaye kasia tangu utoto. Binti aliteremka kilima kwa kasi, akashindwa kusimama, wakagongana, wakaanguka wote wawili. Babu mlangoni aliacha ndoo yake akacheka hata akaketi.

Nyumba yenyewe ina vyumba viwili, wala haina umeme. Kuni zililetwa kwa gari la moshi na kukokotwa juu ya theluji, maana hapana mti karibu. Maji nayo ni kazi. Mto umeganda, hivyo hujaza theluji katika sufuria na kuiweka motoni. Mtoto wa kiume alistaajabu mara ya kwanza: ndoo kumi za theluji nyepesi iliyoanguka punde hutoa maji kama ndoo moja tu. Babu humpa kazi hiyo kila siku, asubuhi na jioni, na husema ya kuwa ndiyo malipo ya kitanda.

Siku zilipita upesi. Mchana walichimba shimo kubwa kuelekea jua, wakatandika ngozi, wakaketi humo upepo usiwapate, wakala machungwa na chokoleti. Mdogo alijifunza kugeuka akiteremka, goti moja likipinda mbele ya jingine, kama watu wa Telemark walivyofundisha ulimwengu. Alianguka mara nyingi kuliko alivyogeuka.

Jioni moja kijana huyo alimcheka dada yake, kwa sababu alifika wa mwisho. Babu akamwuliza, “Umepata kusikia habari za Philip Boit?”

Boit ni mtu wa Kenya, wa karibu na Eldoret, aliyezoea mbio za miguu. Hakupata kuiona theluji mpaka mwaka 1996, alipokwenda Ufini kufundishwa skii. Miaka miwili baadaye, katika mwezi wa Februari 1998, alisimama Japani katika Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi, Mkenya wa kwanza kufanya hivyo. Mashindano yalikuwa ya kilometa 10. Bjørn Dæhlie wa Norwei, bingwa wa ulimwengu mzima, alishinda. Wengine wakafika mmoja mmoja. Boit alikuwa angali mbali. Watu walitaka kumpa Dæhlie nishani yake, lakini yeye alikataa kuondoka mahali pa mwisho. Akasimama pale akimngoja, dakika kama 20 tangu yeye mwenyewe alipofika. Boit alipoivuka alama, wa mwisho kabisa, Dæhlie alimkumbatia.

“Niliona kwa televisheni,” babu akasema. “Bibi yako alilia.”

“Moshi uliniingia machoni,” bibi akajibu.

“Tulikuwa Bergen. Hapakuwa na moshi.”

Boit alirudi katika Olimpiki za mwaka 2002 na 2006. Mwanawe alimpa jina la Daehlie, hivyo huko Kenya yuko mtu mwenye jina la bingwa wa skii wa Norwei.

Siku ya mwisho walifunga madirisha, wakatoa majivu, wakaacha kuni kavu karibu na jiko kwa ajili ya kuja tena. Bibi aliandika katika kitabu kikaacho juu ya meza: tarehe, majina ya waliokuwako, na hali ya hewa. Kitabu hicho kina miaka mingi, binti alitafuta ukurasa ambapo jina lake liliandikwa mara ya kwanza, akiwa na umri wa miezi saba, akaona karibu yake maneno ya babu, “Alilia usiku kucha.”

Huko Finse magari mawili huweza kupishana. La Bergen lilitangulia. Wazee walipanda, skii zao zikapandishwa, na bibi akaweka kiganja chake juu ya kioo. Gari likaondoka kuelekea magharibi, likaingia katika handaki la ndani ya mlima lililofunguliwa mwaka 1993, lenye urefu wa kilometa zaidi ya 10. Taa zake za nyuma zilionekana kitambo kidogo, kisha hazikuonekana. Watoto walibaki wamesimama stesheni, wakihesabu majuma yaliyosalia mpaka Pasaka.